Maman Parashuti wa Kamembe

Ukimsalimu asubuhi, jirani yangu hakukujibu mara moja. Kwanza aliinua macho kutazama kitambaa chekundu kilichofungwa juu ya mwanzi mrefu uani kwake, akaona kinaelekea wapi na kinapepea kwa nguvu gani. Ndipo akageuka na kusema, "Salama, Papa Zulfa. Leo upepo inatoka ku ziwa, lakini haiko mubaya."

Kile kitambaa nilikikata mimi. Mimi ni fundi cherehani, na karakana yangu imepakana na ua wake hapa Kamembe. Siku alipohamia alikuja kuniomba kipande cha kitambaa chepesi, akakipima kwa kukipuliza kwa mdomo mbele ya wateja wangu. Nilimpa nikidhani ni cha kufutia vumbi. Jioni nikakiona kinapepea juu ya mwanzi, na mtaa mzima ukaanza kunong'ona kwamba mama mgeni ameweka dawa. Jirani mmoja hakuvumilia, akamwuliza wazi kama ile ni ya kufukuza wachawi.

"Hapana," akajibu. "Ni ya kufukuza ujinga yangu. Upepo naionaka kwa macho, sitaki kuiota."

Alikuwa mrukaji wa parashuti. Hakuwa askari, na hakuna aliyemtuma. Alipanda ndege ndogo, ikamfikisha juu, mlango ukafunguliwa, naye akatoka kwa hiari yake. Alifanya hivyo miaka mingi nchi za mbali, na baadaye akawafundisha wengine. Kama wengi waliokulia ng'ambo ya mpaka, upande wa Bukavu, alirudi Rwanda akiwa mtu mzima, akajenga tanuri nyuma ya nyumba, akaoka mikate. Lakini kila mwaka alifunga tanuri, akaenda Afrika Kusini kwa marafiki zake wa zamani, akaruka, akarudi. Watoto walimpa jina la Maman Parashuti, na wakubwa tukalichukua. Yeye alilipenda. Jina lake la kanisani alilitumia kwenye kwaya tu.

Ungedhani mtu wa namna hiyo haogopi kitu. Sijawahi kumwona mwoga kama yeye. Hakupanda ngazi. Bati la nyumba yake lilipovuja, nilipanda mimi, naye akaishika ngazi kwa mikono miwili, akanifokea kila nilipoinua mguu. Alipotaka kwenda Karongi aliizunguka milima yote kwa basi, kwa sababu boti ya siku ile haikuwa na majaketi ya kutosha abiria wote. Na motari wa stendi yetu, waendesha pikipiki za abiria, ambazo hapa tunaziita moto, walimjua. Alipokea kaske, kofia ngumu ya abiria, akaivaa, akafunga mkanda wake chini ya kidevu, akauvuta. Ukiachia, alimrudishia mwenyewe, akaenda kwa motari mwingine. Siku moja mikanda ya wote iliachia. Akauweka mfuko wake wa unga kichwani, akaanza kutembea.

"Maman," motari mmoja akamwita huku wenzake wakicheka, "muntu anaruka toka mbinguni, anaogopa moto ya kutoka ku soko?"

Akasimama, akageuka na mfuko wake kichwani. "Kule juu nilikuwa na parashuti mbili, mtoto wangu. Hapa kwa moto yako niko na ngapi?"

Walicheka sana. Lakini yule motari alinunua kaske mpya, na tangu hapo akawa ndiye anayempeleka kila mahali, taratibu, kama amebeba mayai.

Na bado, mtu huyuhuyu alikuwa mzembe ajabu. Mikate iliungua akizungumza. Funguo za nyumba alizipoteza hadi akaacha kufunga mlango. Alisahau sufuria motoni akaenda mazoezi ya kwaya, na mke wangu ndiye aliyekimbia kuzima. Kitanda chake kilionekana kama kimepigana na mtu. Lakini mle mle chumbani, juu ya meza iliyofunikwa shuka safi, ulikaa mkoba wa parashuti, mbali na jua, mbali na unyevu, mbali na panya. Nilimwambia siku moja kwamba ule mkoba unaishi vizuri kuliko yeye.

"Kitanda haikuniokoaka," akasema.

Alipokunja parashuti yake sebuleni, nyumba iligeuka msikiti. Alisogeza viti, akafagia mara mbili, akavua viatu. Ukimkuta katikati ya kazi, hakukusemesha. Kama ulimsemesha naye akajibu, aliifungua yote na kuanza upya, bila hasira. Nilipenda kukaa mlangoni na kutazama. Mimi najua vitambaa, lakini kile kilikuwa kitu kingine, kinateleza kama maji, na yeye alikitoa pumzi kwa magoti na viwiko, akakikunja kikawa kidogo, kidogo, hadi huamini. Kamba zake alizichezea kwa vidole kama mama anayesuka nywele za binti.

Hiyo ilikuwa ile kuu. Ndani ya mkoba kulikuwa na nyingine, ya akiba, na hiyo hakuigusa. Ilikunjwa na fundi mwenye cheti cha kazi hiyo tu, kila muda wake ulipofika, hata kama haikuwahi kufunguliwa. Nilimwuliza kwa nini, naye mikono yake ni mizuri hivyo.

"Ile ya kwanza nikikosea, iko ya pili. Ya pili nikikosea, iko nini?"

Tuligombana mara moja tu kwa sababu ya mkoba ule. Mkanda wake mmoja wa paja ulianza kuchanika uzi. Nilikuwa na uzi mgumu wa kushonea mahema, na mashine nzito. Nikamwambia alete, ni kazi ya muda mfupi. Akakataa. Nikaona amenidharau mbele ya watu, nikamwambia hivyo.

Akakaa kwenye benchi langu. "Papa Zulfa, gauni yangu ya kwaya nani alishona? Ni weye. Na sitaki fundi mwingine. Lakini hii, hata mimi sina ruhusa ya kuishona. Miaka yote hii, sina. Kama uzi itakatika, mi nitakufa mara moja, lakini weye utashona ule mkanda kila siku mu kichwa yako mpaka uzeeke. Siwezi kukupatia ile kazi."

Mkanda ulisafiri hadi kwa fundi wake Afrika Kusini. Mwaka ule alichelewa kuruka kwa kuungoja. Mimi nilinuna siku chache, kisha nikamshonea mfuko wa kubebea ule mkoba safarini, na huo aliupokea.

Watu walimjia kuomba ushauri, kwa kuwa habari husafiri. Kijana mmoja alitoka Kigali, ana mpango wa kwenda kujifunza nje, na tayari alikuwa amenunua kamera ndogo ya kubandika kwenye kaske. Maman Parashuti aliigeuza geuza mkononi.

"Umesharuka mara ngapi?"

"Bado, Maman."

"Na hii kamera, yenyewe inajua njia?"

Yule kijana akacheka, na Maman Parashuti akamkaribisha chai. Niliyasikia mengi siku ile, maana ukuta wetu ni mwembamba na mashine yangu niliizima makusudi. Alimwambia asinunue chochote mwaka wa kwanza. Atumie vya kuazima vya uwanja wa kurukia, mpaka mwili wake ujue unataka nini. Aanze na viatu vinavyoshika kifundo cha mguu, kaske inayomkaa, na saa ya mkononi inayoonyesha umebakiza urefu gani kabla ya ardhi. Mkoba ununue mwisho, na usinunue peke yako. Nenda na mtu anayevijua vifaa hivi, aukague mbele yako. Vaa mikanda, kisha ruka ruka, inama, kaa. "Ikushike kama mtoto mu kitenge. Mama akicheza, mtoto anacheza naye. Kama mtoto anabaki nyuma, kitenge si yako." Na kama mkoba hauna kile chombo kidogo kinachofungua akiba chenyewe ukizimia angani, usijiulize mara mbili, uache.

"Na parashuti yenyewe?" kijana akauliza. "Ndogo ndio inaenda mbio, sivyo?"

Hapo akaunyosha mguu wake wa kushoto, ule uliomfanya atembee akiyumba, akaupiga piga.

"Hii nilinunua mwenyewe," akasema. "Parashuti ilikuwa ndogo, rangi ya machungwa, muzuri kabisa. Rafiki zangu bote balikuwa na ndogo, na mimi nilikuwa nafundisha batu. Nikaona aibu ya kuwa na kubwa. Ilifunguka vizuri, haikuwa na kosa hata moja. Nikakata kona karibu na chini, sababu nilitaka banione. Mguu ikavunjika. Weye unafikiri batu banaumia sababu parashuti imekataa kufunguka? Wengi banaumia chini ya parashuti muzima kabisa, kwa ile kona ya mwisho. Nunua kubwa. Ushuke polepole kama mbuzi muzee. Nani anakucheka, umungoje hospitali, utamuona."

Kijana aliiacha ile kamera kwake hadi atakaporudi. Sijui kama alirudi kuichukua.

Kuhusu viwanja vya kurukia alikuwa na maneno mengi kuliko kuhusu vifaa, na mengine yalinishangaza. Alisema ufikapo mahali pageni, kabla hujauliza habari ya ndege, omba kwenda chooni. Wanaoshindwa kusafisha choo kinachoonekana, wanasafisha nini kisichoonekana? Alisema tafuta uwanja wenye wazee. Ukikuta vijana peke yao, jiulize wazee wao wameenda wapi. Na zaidi ya yote, uliza maswali ya kijinga, kwa sauti, kisha umtazame usoni anayekujibu. Kama amekasirika, beba kikapu chako urudi nyumbani.

Maneno hayo niliyafurahia kama mtu anavyofurahia hadithi, hadi yalipoingia nyumbani kwangu.

Binti yetu Zulfa ni mtu mzima, anafanya kazi ya saluni Afrika Kusini. Siku moja alimpigia mama yake akasema yeye na wenzake wa kazini wanakwenda kuruka na parashuti, kila mmoja amefungwa kifuani kwa mwalimu. Mke wangu aliweka simu mezani. Kisha akatazama ukuta wa jirani.

"Ni yule mama yako," akaniambia. "Mikate yake na maneno yake. Amemroga mtoto wangu."

Tangu saa ile hakumsalimu tena. Mkate ulioletwa aliurudisha ukiwa bado moto. Nami, kati ya wanawake wawili, nikakosa pa kukaa. Nikaenda kwa Maman Parashuti nikamwomba jambo moja: ampigie Zulfa amwambie asiruke. "Wewe atakusikia," nikamwambia.

Alikuwa anakanda unga. Hakuacha kukanda. "Siwezi."

"Ni mtoto wetu mmoja, Maman."

"Najua. Njo maana siwezi kumudanganya. Nikimwambia asiruke, ataruka bila kuniambia, na ataruka bila kuuliza kintu. Lakini naweza kumuonyesha namna ya kujua saa ya kurudi nyumbani. Twende kwa mama yake."

Akanawa mikono, akanifuata. Mke wangu alikuwa anachambua maharage. Alipomwona, akageuza kiti akatupa mgongo. Tulimpigia Zulfa, nikafungua sauti ili wote wasikie.

"Zulfa, mtoto wangu," Maman Parashuti akasema, "mimi sikuambii uende, na sikuambii ubaki. Ukifika pale, uliza mwalimu ameruka na batu miaka ngapi. Uliza nani anakunja parashuti, uende umuone. Uliza siku ya upepo banafanya nini. Tazama kile kitambaa cha upepo ku mlingoti. Kama imenyooka kama mkono na ndege ingali inapanda, toka. Bakikucheka, toka. Bakikuambia umeshalipa, toka. Unasikia? Na mwalimu mwenye hakufundishi kuinua miguu wakati wa kushuka, usimpatie mwili yako."

"Ndiyo, Maman."

"Rudia."

Zulfa alirudia yote, naye alimsahihisha mahali pawili. Mgongo wa mke wangu haukugeuka, lakini mikono yake ilikuwa imeacha maharage.

Jumamosi ile Zulfa alipiga simu kabla ya adhuhuri. Hakuruka. Kitambaa cha upepo kilikuwa kimenyooka, watu wanapandishwa hivyo hivyo, na alipouliza nani anakunja parashuti, mtu wa mapokezi alimjibu kwamba hapo si shule. Akatoka. Wenzake walimcheka, lakini mmoja akatoka naye. Mke wangu akalia kwa furaha, akidhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Baada ya majuma machache Zulfa alipata uwanja mwingine, naye na yule mwenzake wakaenda. Safari hii alituambia siku yenyewe. Asubuhi ile Maman Parashuti hakuwasha tanuri. Alikuja kwetu bila kuitwa, akakaa jikoni, akachukua kisu na kuanza kumenya viazi, vibaya sana, nusu ya kiazi inakwenda na ganda. Mke wangu alikuwa kwenye mswala, hakuinuka. Mimi nilikaa mlangoni na simu mapajani. Zulfa aliandika kwamba wanangoja mawingu yapite. Baadaye akaandika kwamba bado wanangoja.

"Wanamchelewesha," nikasema.

"Muzuri," akajibu Maman Parashuti. "Uwanja yenye kungojesha batu ni uwanja muzuri." Lakini niliona ameanza kumenya tena kiazi alichokwisha kumenya. Hapo ndipo nilipojua kwamba hata yeye anaogopa, na ajabu ni kwamba nilipata nguvu.

Simu ilipolia, Zulfa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, haeleweki neno. Mke wangu alinipokonya simu mkononi.

"Uko na miguu yote?"

"Yote miwili, mama. Niliiinua kama Maman alivyosema. Mama, nimeona bahari yote!"

Mke wangu akanirudishia simu, akaenda jikoni, akatazama lile rundo la viazi vilivyochinjwa. Akamnyang'anya jirani kisu.

"Toka hapo," akamwambia. "Na kesho ulete mkate."

Akauleta. Juu ulikuwa umeungua kidogo, na tuliula wote.

Mara ya mwisho tuliyozungumza kwa kirefu ilikuwa mwaka huu, mjini Cyangugu kwa chini. Nilikuwa nimeshuka kupeleka kanzu za mteja wangu wa Bukavu, tukakabidhiana karibu na mpaka wa Rusizi ya Kwanza. Nikiwa narudi nilimwona anatoka upande wa daraja la mpakani, kati ya wanawake wenye mabeseni ya nyanya, akiyumba na mguu wake. Alikuwa ametoka kumwona dada yake ng'ambo, na siku chache kabla alikuwa amerejea kutoka Afrika Kusini. Tukakaa kwenye ukuta mfupi unaotazama ziwa. Tulinunua sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, tukazila kwenye karatasi.

"Umeruka vizuri mwaka huu?" nikamwuliza.

"Sikuruka."

Nikaacha kutafuna. Nikafikiri ni ugonjwa, au ajali.

"Siku moja tu nilipanda," akasema. "Hewa muzuri, Papa Zulfa. Mbingu safi, upepo kidogo sana. Nilikagua kila kintu, nilikuwa wa mwisho mu mustari. Batoto banatoka mumoja mumoja, kila mumoja ananigusa mukono. Zamu yangu ikafika. Nikakaa pale ku mlango, miguu nje. Nikatazama chini. Hakuna kintu kibaya, kabisa. Nikajiuliza, weye, uko na njaa ya hii? Roho ikaniambia, hapana. Nimeshiba."

"Ukafanya nini?"

"Nikarudisha miguu ndani. Rubani anageuka, anauliza, 'Mama, kuna shida?' Nikamwambia hakuna shida, funga mlango. Akaniita nikae naye mbele."

Alichukua sambaza moja, akaitazama, akaila na kichwa chake. Uso wake ulikuwa mtulivu, kama wa mtu aliyetoka kuoga.

"Halafu njo niliona," akasema. "Miaka hii yote nimepanda vile vindege. Kushuka navyo, hata siku moja! Sikujua inakuwaka namna gani. Ardhi inakuja, inakuja mbio, na ule kijana rubani anaongea habari ya mpira. Nikamshika mukono. Nikapiga kelele, Papa Zulfa. Nikaita jina la Yesu. Tukagonga, tukaruka, tukagonga tena."

Alikuwa anacheka sasa, hadi machozi, na wanawake wa nyanya waligeuka kututazama.

"Ikasimama. Nikatoka, batoto bako chini bananipigia makofi. Nikabaambia, nyinyi, acheni makofi. Huyu kijana wa ndege anafanyaka hii kila siku. Nani anamupigia yeye?"

Akakunja karatasi ya sambaza, akajifuta vidole, na tukaanza kupanda taratibu kuelekea Kamembe. Kwenye kilima alinishika mkono, si kwa kuchoka, bali kwa kuwa alikuwa bado anacheka.